Renault 5 ya Mama Fortunée Kabedi

« Kutu inaanziaka wapi: inje ao mu ndani? »

Aliyeuliza hivyo ni Mama Fortunée Kabedi, siku ya Jumatatu tarehe 3 Agosti 2009, saa tatu za asubuhi, katika parseli hii hii, kiwanja hiki cha nyumba tulichokaa sasa, hapa Kikula, amepiga magoti mbele ya gari ndogo aina ya Renault 5, mkono wake wa kuume umezama katika ubavu wa gari hadi kwenye kiwiko, na nyuma yake wamesimama wanaume wawili aliowaita waje kumpa shauri, Pitshou fundi wa kuchomelea na Djibril jirani yetu muuza vipuri, nao wote wawili walimjibu kwa kicheko.

Wapendwa wetu, Baba Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani na rafiki, familia imetaka historia ya marehemu Mama Fortunée isomwe kwa ukamilifu, na neno hilo ukamilifu tunalishikilia kwa mikono miwili, kwa maana tangu matanga haya yaanze Jumanne tumesikia mara tatu, penye masufuria, penye bomba, na hata kwenye viti vya mbele, watu wakisema « ile gari ya marehemu Clovis », na kila aliyesikia akatikisa kichwa kukubali. Papa Clovis, mume wake, alikuwa mtu mwema, na nafasi yake katika historia hii ataipata yote. Lakini gari ile si yake, na mwenye kuona vinginevyo tunamwomba avumilie, asikilize kwanza, ndipo apime.

Mama Fortunée Kabedi alizaliwa Kambove tarehe 9 Septemba 1958, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake mchimbaji wa mgodini, mama yake Orpa muuza maharage sokoni, na alipokuwa na miaka sita alifumua mkono wa gauni la mama yake la kanisani kwa wembe, si kwa utundu, bali alitaka kuona namna ulivyoshikwa begani, akaurudisha kwa sindano kabla jua halijatua, na Mama Orpa akaenda na gauni lile ibadani miaka mingine minne, akalalamika tu kwamba mkono wa kushoto siku hizi unamvuta kidogo.

Alisoma shule ya msingi Kambove kutoka 1964 hadi 1970, mwaka uliofuata akaletwa hapa Likasi kwa mama yake mdogo, akasomea ushonaji miaka minne, akapata cheti chake tarehe 30 Juni 1975, na kuanzia Septemba ya mwaka ule hadi mwaka huu, miaka hamsini, alikuwa na meza yake katika soko la Kikula. Nusu ya waliokaa hapa walivaa shati la shule lililotoka chini ya mkono wake, na wasichana arobaini na mmoja walijifunza kazi kwake, wengine wako hapa, tunawaona kwa namna wanavyokagua mishono ya sare za matanga.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Papa Clovis Ilunga, fundi wa umeme, Mungu akawapa watoto watatu, Princesse mwaka 1979, Arsène mwaka 1982 na Exaucé mwaka 1986. Katika mwaka wa 1985 Papa Clovis alinunua ile Renault 5, yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kwa mwalimu aliyekuwa anarudi kwao, akaiendesha miaka kumi na moja, hadi injini ikakwama mwaka 1996, ikasukumwa nyuma ya nyumba chini ya mabati manne, ikabaki pale. Mama alimwomba aifungue aone kilichokwama, naye akajibu jibu lililobaki kuwa mzaha wa nyumba hii: « Mama Princesse, minye niko muntu wa umeme. Ile mafuta na minye hatujuane. » Hakuigusa tena, na hilo hatulisemi kwa kumlaumu, tunalisema kwa sababu ni kweli.

Papa Clovis aliaga dunia tarehe 3 Juni 2006, na siku arobaini baadaye, Alhamisi tarehe 13 Julai, kaka yake mkubwa, Papa Osée, alifika na lori pamoja na vijana wa ukoo, wakabeba friji, vitanda, viti, wakabeba na mashini ya kushona, ambayo Mama aliinunua kwa jasho lake mwenyewe mwaka 1976, yaani mwaka mmoja kabla ya kumjua Clovis kwa ndoa. Wakati lori limejaa, kijana mmoja aliuliza habari ya gari, naye Papa Osée akaitazama pale ilipozama katika matope hadi kwenye vyuma vya magurudumu, akasema mbele ya mashahidi ambao leo wako hai na wamekaa: « Ile kopo tumuachie mujane. Itamusaidia kufuga bakuku. » Papa Osée, uko hapa, tunakuheshimu kama mkubwa wetu, na kwa heshima hiyo hiyo tunayachukua maneno yako kuwa maneno ya mtu mzima. Ulisema kopo. Ulisema tumuachie.

Na kweli kuku walilala humo miaka mitatu. Mama alishona kwa mkono miaka hiyo yote, sindano na uzi tu, akapeleka nguo kwa miguu hadi kwa wake wa wafanyakazi wa Kakontwe, na siku ile ya Agosti 2009 alipowafukuza kuku na kupiga magoti, Djibril, baada ya kumaliza kucheka, alimuuliza mbona asitafute kwanza mashini nyingine ya kushona. Alimjibu hivi: « Babeba bintu byote yenye minye najua kutengeneza, Papa Djibril. Kulibakia tu ile sijue. »

Tunaomba mtusikilize vizuri hapa, maana kinachofuata sisi wenyewe tulikaa karibu nacho miaka kumi tukala chakula kando yake, na mpaka leo hatujui namna ya kukisema bila sauti kushuka. Mama hakujua chuma. Alijua nguo. Kwa hiyo aliitazama gari kama gauni lililooza, akaifumua. Alichukua mifuko mitupu ya saruji, akaifungua mishono, akaosha karatasi yake, akaitandika juu ya kila mahali palipoliwa, akachora kwa chaki, akaongeza upana wa kidole kimoja kwa ajili ya mshono kama afanyavyo kwenye kiuno cha sketi, akakata, akaandika namba na jina la mahali, « ubavu kushoto », « chini ya mlango kuume », akazining'iniza patroni hizo kwenye kamba kati ya nguo za watoto. Ukipita barabarani ungedhani pale pana mwanamke aliyekuwa amevua ngozi ya gari na kuianika.

Halafu alifanya kosa, na ni kosa ambalo mtu wa Kasenga anayeishi kwa samaki asingelifanya, ni sisi tu tunaolifanya, watu tuliolelewa na shaba. Mwaka 2012, katika kiangazi, ilipofika zamu ya sakafu ya gari, mtaa mzima ulimwambia asihangaike na chuma, atie shaba, kwani nani amewahi kuona shaba ikiota kutu, na baba yake mwenyewe alikuwa amechimba nini maisha yake yote, mchanga? Alinunua sokoni mabamba ya shaba kutoka kwenye matangi ya zamani ya maji ya moto, akayakata kwa patroni zake, akayashika kwenye chuma kilichobaki kwa ribiti sitini na tatu, akayasugua kwa majivu na ndimu hadi sakafu ikawaka, na watu walikuja kuitazama kama wanaotazama mtoto mchanga, kila mtu akiingiza kichwa dirishani na kutoka akitabasamu. Pitshou alisema sakafu ile itawazika wote waliosimama pale.

Siku ya Jumapili tarehe 15 Februari 2015, baada ya ibada, Mchungaji Patrice alikuja kuiombea gari, ingawa injini yake ilikuwa bado imekwama. Baba Mchungaji, utatusamehe, ukamilifu ni ukamilifu. Aliingia, akaketi, akakanyaga kwa nguvu ya mtu anayeanza sala, na bamba zima la shaba likashuka pamoja na miguu yake hadi chini, akawa yumo ndani ya gari na wakati huo huo amesimama juu ya ardhi ya Likasi. « Mama Fortunée, » alisema kwa sauti ndogo, « gari imenivaa. » Wakamtoa. Shaba ilikuwa nzima, nyekundu, safi kama siku ya kwanza, na chuma chote kilichoizunguka, kile chuma ambacho mwaka 2012 kilikuwa bado kigumu, kilikuwa kimegeuka unga kama wa kahawa.

Wote walicheka, isipokuwa yeye. Hakulia pia. Aliokota bonge la ule unga akalisaga kati ya vidole, kesho yake akapanga dirishani chupa nne za maji ya chumvi, ndani ya kila moja msumari, mmoja peke yake, mmoja umepakwa rangi, mmoja umefungwa kwa uzi wa chuma, mmoja umefungwa kwa uzi wa shaba, na siku kumi na moja hakumruhusu mtu kufungua dirisha lile. Siku ya kumi na mbili aliwaita wale wanaume wawili wa mwaka 2009. Msumari uliofungwa kwa uzi wa shaba ndio ulioliwa kuliko yote. Aliwaonyesha chupa, akasema, bila kupandisha sauti, kwamba shaba haioti kutu kwa sababu inampa jirani yake aiote, na kwamba kutu haianzii nje wala ndani, inaanzia kwenye mshono, pale vitu viwili vinapobanana na maji yakakosa njia ya kutoka. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, hakusoma kemia hata siku moja, alikuwa amejijibu mwenyewe swali lake, miaka mitano na miezi sita baadaye, kwa chupa za soda. Djibril hakucheka. Alivua kofia.

Kisha aling'oa ribiti zote sitini na tatu, moja moja, kwa patasi na nyundo, akaanza upya. Nani kati yetu angeanza upya? Tunauliza kwa dhati, tukiwa na diploma zetu na simu zetu. Alikata bamba kutoka kwenye mapipa ya chuma ya mafuta, yaliyooshwa kwa maji ya moto siku tatu, kila kipande akakipaka rangi pande zote mbili kabla ya kukiunga, akakunja kingo ziangalie chini, akaacha tundu dogo penye kila kona ili maji yapate kutoka, na kabla Pitshou hajachomelea alikuwa ameshapiga bandi gari nzima kwa waya mwembamba, vipande vyote vimeshikana kwa muda kama koti linalosubiri kujaribiwa. Pitshou alilalamika kwamba haachiwi nafasi ya kukosea. Mwaka 2016 Mama mwenyewe alishika mashini ya kuchomelea, Pitshou amesimama kando, na tangu hapo mishono ya Mama na ya Pitshou ukiitazama chini ya gari utaijua tofauti, kwani ya Mama ndiyo iliyonyooka. Pitshou yuko pale, ameinua mkono, anakubali.

Injini aliifungua mwaka 2017 juu ya meza yake ya kukatia nguo, kila skurubu imelala juu ya shuka jeupe mahali pake, imeandikwa jina kwa chaki, na pale penye pistoni mbovu palibaki tupu miezi kumi na minne hadi Djibril alipompata mtu Lubumbashi mwenye gari kama ile. Wakati wa kusubiri alijifunza kuendesha. Jumamosi tarehe 20 Aprili 2019, siku moja kabla ya Pasaka, saa mbili za asubuhi, Renault 5 ile iliwaka, ikakohoa, ikatulia, ikatoka kwenye lango hili ikiwa na rangi ya kijani ya majani ya mihogo, Mama kwenye usukani, Princesse kando yake, na wakaenda hadi Kambove bila kusimama. Wanawake wa soko waliacha meza zao. Walisimama, mikono kwenye midomo, ndilo jambo tunalolikumbuka zaidi. Princesse anasema kwenye mlima Mama alishusha gia na kuiambia gari, « Twende mama, weye na minye tumeshakawiya, » nayo ikapanda.

Siku nane baadaye, Papa Osée alifika.

Alisema gari ilinunuliwa na ndugu yake, karte roze, ile hati ya mwenye gari, ina jina la ndugu yake, basi ni ya ukoo. Mama alimpa kiti na maji ya kunywa. Kisha alileta patroni za karatasi ya saruji, zote mia moja na kumi, akazipanga mbele yake chini, kuanzia mlangoni hadi penye jiko, mpaka Papa Osée akalazimika kuinua miguu.

« Shemeji, » alimwambia, « onesha ile moja yenye ndugu yako alikata. »

« Mama Princesse, hiyo ni makaratasi. »

« Eeh. Na ile ulibeba mu lori, yote ilikuwa yangu, na minye sikusema kintu. Onesha moja tu. »

Mzee alizitazama, akanywa maji, akaenda zake, na tunampa haki yake, hakumtukana. Ila hakusema pia kwamba amekubali. Kwa sababu hiyo Mama alifuata karatasi ofisi hadi ofisi, na Ijumaa tarehe 11 Juni 2021 alipokea karte roze mpya iliyoandikwa Kabedi Fortunée, akaiweka katika mfuko wa plastiki ndani ya Biblia yake, na kwa mara ya kwanza tukamwona amelala mchana.

Aliiendesha miaka minne mingine. Alipeleka nguo, alipeleka wazazi hospitali, alibeba magunia ya unga wa bukari na maharusi wawili, na jambo moja mtu hakuruhusiwa kulifanya ni kufunga mlango wa nyuma kwa kuubamiza.

Tangu Februari mwaka huu 2025 alianza kuvimba miguu, madaktari wakaona kwamba ni figo, akalazwa mara tatu, na kati ya mara ya pili na ya tatu, tarehe 2 Septemba, aliandika barua kwa mkono wake, mbele ya Mchungaji Patrice na Papa Djibril waliotia sahihi, kwamba gari anamwachia binti yake Princesse, siyo kwa sababu ni mkubwa, barua inasema, bali kwa sababu ndiye aliyemshikia taa usiku alipokuwa chini ya gari. Aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na moja za asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Nakala ya barua na ya karte roze ziko kwa Baba Mchungaji, mwenye kutaka kusoma asome leo, asisubiri kwenda kusema barabarani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa saburi, hata alipowakagua mishono ya makoti yao, inawashukuru majirani wote, hasa Papa Djibril na mke wake Mama Mayimuna, ambao tangu Jumanne sufuria lao halijatoka kwenye moto wetu, inamshukuru Pitshou, na wanawake wa soko la Kikula waliofunga meza zao siku tano. Mama Fortunée, tumekuona ukifanya kazi, na hatujamaliza kushangaa. Ulale, mwili wako upumzike, Bwana akupokee kwa amani yake.

Limebaki jambo moja. Kadiri ya mapenzi yake, Princesse ndiye atakayeendesha Renault 5 mbele ya jeneza hadi makaburini, na tangu jana saa kumi za jioni ufunguo wa gari hauonekani. Hatumtaji mtu yeyote, hatutafungua mfuko wa mtu. Sasa Baba Mchungaji ataomba, na sisi wote tutafumba macho, naye atakawia kusema amina. Hapa kwenye meza tumeweka sahani nyeupe. Mwenye kuwa na ufunguo, tunakuomba uuweke katika sahani.